Siku Wifi Yangu Aliponipeleka Mikokoni

Mume wangu alichukuliwa na maji katika mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna maji. Watu wa Kitui hawahitaji kuelezwa jambo hili. Mto kwetu ni mchanga. Ni mahali pa kuchimba kisima, pa kupitisha mbuzi, pa malori kuingia kuchota mchanga wa kujengea. Nikiwaambia watu wa kwingine kwamba mume wangu alikufa mtoni, huniuliza kama alikuwa mvuvi.

Alikuwa mnunuzi wa ndengu, ambazo wengine huziita choroko. Siku za soko alikuwa akipanda pikipiki kutoka kwetu Kabati hadi Zombe, ananunua kwa wakulima wa huko, anafunga magunia nyuma na kurudi. Siku ile jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, upande wa juu, ambako hakuna aliyekuwa akiangalia. Alipofika kwenye kivuko aliwakuta watu wamesimama ukingoni. Maji yalikuwa yanafika kwenye kifundo cha mguu. Walimwambia angoje. Mwanamume mmoja aliyekuwa pale alikuja kwenye mazishi akatusimulia kwamba mume wangu aliwapungia mkono, akawasha pikipiki, akaingia. Alipofika katikati, maji mengine yakatokea kwenye kona, marefu kama ukuta wa nyumba na rangi ya chai. Walimpata kesho yake, mbali sana chini, karibu na kichaka cha miiba.

Sikulia. Hilo watu walilisema sana, kwa hiyo nalisema na mimi. Akina mama wa kanisa walinizunguka wakaniambia, "Lia, mama, usijikaze." Sikuwa nimejikaza. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikiangalia kifuniko cha sufuria kubwa ya mazishi, jinsi mvuke ulivyokuwa ukikiinua na kukiangusha. Nilikuwa nasikia kila neno wanaloniambia. Lilikuwa linaingia na kukaa huko ndani bila kugusa kitu.

Baada ya mazishi nilirudi kwenye cherehani yangu. Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule kwenye chumba kimoja karibu na soko. Mashati na marinda, lakini sweta sishoni. Nilishona vizuri mwaka ule kuliko mwaka mwingine wowote. Mishono yangu ilinyooka. Wateja walisema Mungu amenitia nguvu. Nikasema amina. Jioni nilipika, nikamkagua binti yangu daftari zake, tukala. Mara nyingine aliniambia, "Mama, leo umetia chumvi mara mbili," nami nilimwamini tu, maana ulimi wangu haukuwa na habari.

Mama mkwe, ambaye sote tunamwita Mwaitu, yaani mama yetu kwa Kikamba, alilia kwa ajili yangu na yake. Alikuwa akilia akipepeta mahindi, akilia akikama mbuzi. Sikumwonea wivu. Nilimtazama tu kama mtu anavyomtazama jirani akifanya kazi.

*

Mume wangu alikuwa na dada mmoja, mdogo wake. Huyo ndiye wifi yangu ninayetaka kumsimulia.

Alikwenda pwani akiwa msichana kutafuta kazi ya kutandika vitanda hotelini. Huko akajifunza kuogelea, sijui nani alimtia wazo hilo kichwani, maana kwetu mtoto akienda kwenye bwawa anachapwa. Halafu akaacha vitanda. Tuliposikia tena habari zake, alikuwa anaongoza wageni katika vijimashua vyembamba vinavyoitwa kayaki, vya mtu mmoja au wawili, unakaa umenyoosha miguu na kupiga kasia lenye bapa pande zote mbili. Anawapitisha wageni katikati ya mikoko, anawaonyesha ndege na kaa, anawarudisha. Hiyo ndiyo kazi. Mwaitu hakuielewa kamwe. Watu wakimuuliza bintiye yuko wapi alisema, "Yuko huko kwa maji," kwa sauti ile ile ambayo mtu husema fulani yuko jela.

Aliyeielewa ni mume wangu. Alikuwa na picha ya dada yake kwenye simu, amekaa kwenye kayaki ya manjano, amevaa kofia, nyuma yake miti iliyosimama majini kwa mizizi kama buibui. Aliwaonyesha wauza ndengu wote wa Zombe. "Huyu ni wa kwetu," alikuwa akisema. "Mkamba. Anafundisha Wazungu kupiga kasia." Tulikuwa tuende kumtembelea. Tungeenda baada ya mavuno. Kisha mavuno yakawa mabaya, tukasema baada ya yale mengine.

Wifi alikuja mazishini akakaa siku chache, akarudi kazini. Tangu hapo alinipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa. Hatukuwa na mengi. Aliuliza mvua, nikamwambia. Niliuliza bahari, akaniambia. Mwaka ulipokuwa umepita na zaidi, Jumapili moja akasema:

"Wifi, njoo huku kidogo. Shule zikifungwa. Mtoto mwache na Mwaitu."

"Sawa," nikasema.

Nadhani alikuwa amejiandaa kunibembeleza. Lakini kukataa kungehitaji sababu, na sababu ingehitaji maneno. Sawa ni neno fupi.

*

Nilipitia kwanza kwa mama yangu mzazi. Mimi nilizaliwa Kilungu, kwenye vilima, upande wa Makueni. Kwetu ni kwa mashamba madogo yaliyoshikilia mteremko, machungwa, parachichi, na vijia vinavyoteleza asubuhi kwa umande. Huko hakuna mto wa kuua mtu. Maji yanatoka kwenye mwamba taratibu, unayakinga na ndoo.

Mama alinipokea vizuri, akachinja kuku. Nilipomwambia ninakokwenda aliweka kisu chini.

"Umezika mtu wa maji, halafu unafuata maji?"

"Wifi ameniita, mama."

"Wewe unataka kwenda?"

Nilifikiria swali hilo kwa haki yake. Nilitafuta ndani kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta ufunguo. "Sijui," nikasema. "Sioni kama sitaki."

Akanijazia mfuko wa parachichi za kumpelekea mwenyeji wangu. Asubuhi nikateremka hadi barabara kuu, nikapanda treni pale Emali. Nilikaa upande wa dirisha. Watu wa kiti cha mbele walisimama kupiga picha ndovu. Mimi pia niliwaona ndovu. Walikuwa wekundu kwa vumbi.

Wifi alinipokea stesheni. Alikuwa amekuwa mweusi zaidi na mabega yake yamepanuka kama ya mwanamume anayepasua mawe. Alinikumbatia, akaniachilia haraka, akachukua mifuko yangu yote mwenyewe. Njia nzima hadi chumbani kwake alizungumza habari za parachichi.

*

Siku ya pili yake asubuhi akaniambia maji yatakuwa yamejaa vizuri kabla ya adhuhuri na kuna wageni wawili tu, kwa hiyo nitakwenda naye.

"Si lazima," akasema. "Unaweza kukaa ufukweni, kuna kivuli."

"Nitakuja."

Mahali penyewe si bahari ya kadi za posta. Ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu, umetulia, maji yake ya kijani kibichi yenye matope, na ukingo wote ni mikoko. Bahari kubwa inasikika kwa mbali tu.

Wageni walikuwa wamefika. Sikutegemea wageni wa namna ile. Alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu zilizopakwa hina, msuli kiunoni, kofia iliyofumwa ya haji kichwani, na binti yake, msichana mkubwa mwenye mtandio uliofungwa vizuri chini ya kidevu. Watu wa kaskazini mashariki. Mzee alikuwa mfanyabiashara wa mifugo maisha yake yote na sasa ana duka Mwingi. Binti yake alikuwa anafanya kazi ofisini mjini Mombasa, na alikuwa amemleta baba yake kupumzika. Yeye ndiye aliyetaka kayaki. Mzee alikuwa amekubali kwa uso wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

Wifi alitupanga kwenye mchanga akatufundisha. Alibadilika sauti. Ikawa sauti nyingine kabisa, kubwa na ya uchangamfu, ya mtu aliyesema maneno hayo mara nyingi. Jinsi ya kushika kasia. Jinsi ya kwenda kushoto kwa kupiga kulia. Alitufunga kila mmoja jaketi la kuelea, akavuta mikanda kwa nguvu.

"Na ikipinduka," akasema, "usipigane na maji. Ukipigana unachoka. Lala chali, tazama juu, acha jaketi lifanye kazi. Mimi nitakuja. Mtu yeyote akianguka, mimi ninakuja. Sawa?"

"Sawa," tukasema, mimi na yule binti. Mzee akasema inshallah.

Nilikuwa namtazama mdomo wifi alipokuwa akisema hayo. Hakunitazama.

Mzee na bintiye walipanda kayaki moja, sisi ya pili, mimi mbele, wifi nyuma. Nilikuwa nimejitayarisha kuogopa. Usiku niliona kama jambo la adabu, kwamba mke wa mtu aliyekufa vile lazima aogope maji. Tukasukumwa, tukaelea. Maji yakawa hapo, chini kidogo ya kiwiko changu, yakipigapiga plastiki. Nikangoja. Hofu haikuja. Nilitia kasia, nikalitoa. Lilitoka linadondosha matone. Ndiyo hayo tu.

*

Tuliingia katikati ya mikoko kwenye njia nyembamba ambayo kayaki mbili zisingeweza kupishana. Kelele zikakatika mara moja. Mizizi ilikuwa imesimama kila upande kama miguu ya wanyama warefu waliokuja kunywa, imejaa chaza walioshikana, wakali kama wembe. Juu, matawi yalikuwa yameshikana. Harufu ilikuwa ya matope mazito na yai lililokaa.

Wifi alikuwa anaongea taratibu nyuma yangu, akitusimulia sote. Alituonyesha kaa wadogo wenye mkono mmoja mkubwa mwekundu, madume, wanaoupungapunga mkono huo mbele ya shimo siku nzima. Alituonyesha samaki wanaotembea nje ya maji. Walikuwa wamekaa kwenye mizizi wakitukodolea macho yaliyotoka juu ya kichwa, na tulipokaribia walirukaruka juu ya matope kwa mapezi kama vile wana mahali pa kwenda. Ndege mdogo wa buluu, mdiria, alikuwa akitutangulia, anatua, anatungoja, anaruka tena. Kwenye uwazi tulimkuta korongo mkubwa amesimama kwa mguu mmoja, na wifi akatuambia tuache kupiga kasia. Tulipita mbele yake bila sauti. Jicho lake lilikuwa la manjano. Lilituhesabu kama magogo.

"Hili tunda," wifi akasema, akishika kitu kirefu cha kijani kilichoning'inia kama mshumaa, "linaota likiwa bado kwa mti. Likianguka maji yakiwa yametoka, linajichoma kwa matope, linabaki hapo hapo. Likianguka maji yakiwa yamejaa, linaelea, linakwenda miezi, mpaka lipate mahali."

Binti alipiga picha. Mzee alikuwa anatazama majani kwa makini ya biashara.

"Ngamia anakula hii?" akauliza.

Wifi akacheka, kicheko chake cha kweli. "Hilo sijawahi kuulizwa, mzee. Majani yana chumvi."

"Chumvi ndiyo ngamia anataka," mzee akasema. "Kule upande wa wazee wetu wanakula miti kama hii. Nimekumbuka harufu." Kuanzia hapo alionekana kuipa ile safari heshima. Akageuka kwangu. Kayaki zetu zilikuwa zimekaribiana. "Na wewe mama, kwenu wapi?"

"Kitui. Kabati."

"Kitui!" Uso wake ukafunguka. "Kitui nimekwisha kanyaga yote. Zombe je? Nimenunua mbuzi Zombe miaka mingi. Mbuzi wazuri. Lakini ile mito ya njiani, walahi, ina tabia mbaya. Imekauka, imekauka, halafu..." Akafanya ishara kwa mkono.

Nyuma yangu kasia la wifi lilisimama.

"Mto mmoja wa hiyo ulimchukua mume wangu," nikasema.

Nilisema kama vile ningesema ndiyo, kuna soko siku fulani. Binti akaweka simu chini. Mzee akasema maneno ya dini yake kwa sauti ya chini. Kisha akauliza, "Alikuwa na mzigo?"

"Magunia ya ndengu. Kwa pikipiki."

Akatikisa kichwa kwa muda. "Mimi pia ningepita," akasema. "Ukiwa na mali nyuma na nyumbani wanakungoja, unaona maji ni kidogo, unapita. Nimepita hivyo mara nyingi. Basi tu mimi sikukutana nayo."

Katika mwaka ule wote kila mtu alikuwa ameniuliza kwa nini hakungoja. Pasta aliuliza. Chifu aliuliza. Mama yangu aliuliza. Wote walikuwa wanamgombeza maiti kwa kupitia kwangu. Mzee huyu ndiye wa kwanza aliyemweka mume wangu mahali pa mtu mwenye akili timamu. Nililiona jambo hilo, nikalitambua, jinsi mtu anavyotambua kwamba amewekewa blanketi akiwa amelala. Joto lake lilikuwa bado halijafika.

"Asante, mzee," nikasema.

*

Tulipotoka kwenye mikoko tukaingia uwanja mpana. Maji yalikuwa yameanza kupwa, na pale mlangoni pa njia yalikuwa yanakimbia kuelekea bahari kubwa. Upepo pia ulikuwa umeamka. Wifi alipiga kelele tukae karibu na miti upande wa kushoto.

Upepo uliichukua kofia ya mzee. Nilimwona akijinyoosha kuinyakua, mwili wote ukalala upande mmoja. Kayaki yao ikageuka polepole sana, kama mtu anayejigeuza kitandani, na wote wawili wakawa hawapo.

Binti aliibuka kwanza, akaishika kayaki iliyopinduka, akapiga mayowe kumwita baba yake, "Aabo! Aabo!" Mzee aliibuka mbali kidogo. Jaketi lilikuwa limemshika lakini maji pia yalikuwa yamemshika. Alikuwa anapigapiga mikono, anaondoka. Msuli wake ulikuwa umejaa maji ukimvuta.

"Wewe shikilia boti, usiachie!" wifi akamwambia binti. "Utasukumwa kwa miti, utasimama, hakuna kina hapo!" Kisha kwangu: "Wifi, piga! Kulia! Piga!"

Nilipiga. Nyuma yangu nilimsikia wifi akipumua kwa nguvu, na kayaki ikaruka mbele. Tulimfikia mzee kwa ubavu wangu. Uso wake ulikuwa maji matupu na ndevu.

"Mshike begani! Ule mkanda wa jaketi! Mshike!"

Niliacha kasia, nikainama, nikaupata mkanda. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhania mwembamba yule. Maji yalimvuta kule na mimi nikamvuta huku, kayaki ikalalia upande wangu, na wifi akajilaza upande wa pili kutusawazisha huku akipiga kasia.

"Usiachie, mama," mzee akasema. Alisema kwa utulivu, akinitazama machoni, akitema maji.

"Siachii."

Ningependa kusema kwamba nilimwona mume wangu katika uso wake. Watu nikiwasimulia hutaka niseme hivyo. Sikumwona mtu mwingine. Niliona mzee, na vidole vyangu vya mkono wa kulia, vya fundi wa nguo, vimeingia chini ya mkanda mpaka kwenye viungo. Nikakumbuka kuangalia mshono wa ule mkanda kama utahimili. Ulikuwa umeshonwa mara mbili na kurudiwa kwa msalaba. Kazi nzuri. Hilo ndilo nililofikiria wakati mtu alikuwa anabebwa na maji mbele yangu.

Wifi alitufikisha kwenye mizizi. Mzee akasimama, maji yakiwa kiunoni, halafu akatembea akakaa kwenye matope kama mtu aliyefika nyumbani. Binti yake alikuja akivuka kwa taabu, mtandio umemng'ang'ania usoni, akaanza kumgombeza kwa Kisomali huku analia, akimfuta ndevu kwa kiganja. Mzee alimwacha amalize. Kisha akauliza kofia yake iko wapi.

Wifi alifanya kazi yake. Aliikamata kayaki ya pili, akaigeuza, akamwaga maji. Alimkagua mzee, akamuuliza kifua, akamuuliza kizunguzungu, akampa maji ya kunywa na tende kutoka kwenye mfuko usiopenyeza maji. Sauti yake ilikuwa ile ya ufukweni, changamfu. "Mko sawa kabisa. Tunapumzika kidogo hapa halafu tunarudi polepole." Akasema anakwenda kuangalia njia. Akazunguka nyuma ya miti.

Nilimfuata kwa sababu hapakuwa na njia ya kuangalia upande ule.

Nilimkuta amechuchumaa kwenye matope, amekumbatia magoti. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana, na jua lilikuwa kali.

"Wifi," nikasema.

"Usinishike kwanza."

Nikasimama. Kaa walikuwa wamejificha tulipofika, na sasa walianza kutoka mmoja mmoja.

"Nimefundisha watu," akasema. "Wazee, watoto, watu hata wanaogopa bafu. Nawaambia laleni chali, nitakuja. Kila siku nasema hivyo. Ndugu yangu aliniambia kwa simu, 'Utanifundisha kuogelea?' Nikamwambia ukija. Nikacheka. Ukija."

"Hata angejua kuogelea. Ule mto haukuwa wa kuogelea. Ulikuwa na miti ndani, na mawe."

"Najua." Alijipiga goti kwa ngumi. "Najua sana kuliko wewe. Mimi ndiye najua maji. Hata ningekuwa pale kwa ukingo na kayaki na kamba, singemfikia. Nimefanya hiyo hesabu kila siku na kila siku simfikii."

Nilikuwa nimedhani yeye ndiye mzima kati yetu. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili na sauti yake ya wageni, na mimi nilikuwa naijibu na sauti yangu ya wateja, na hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi.

"Na wewe hulii?" akaniuliza.

"Siwezi. Sijui kumekuwaje. Sioni uchungu, sioni chochote. Hata leo. Nimemshika yule mzee, nikawa naangalia mshono."

Alinitazama, uso umejaa matope na makamasi. Nilidhani atakasirika. "Mshono gani?" akauliza.

"Wa jaketi. Mmeshonewa vizuri."

Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio, kile kilio cha kwetu cha matanga, cha sauti, ambacho huko pwani nadhani hakuna aliyewahi kumsikia akikitoa. Nikakaa karibu naye kwenye matope. Baadaye aliegemeza kichwa kwenye bega langu, nikakiacha hapo. Nilikuwa nangoja na mimi nianze. Niliwatazama wale kaa wakipunga mikono yao mikubwa. Sikuanza. Lakini sikuwa nataka kuondoka pia, na hilo nililiona.

Tuliporudi, mzee alitazama uso wa wifi, kisha akautazama wangu, akageuka upande akamwambia binti yake amsaidie kukamua msuli. Njia yote ya kurudi alipiga kasia mwenyewe, vibaya sana, bila kulalamika. Ufukweni alituombea dua ndefu, mikono imeinuliwa, maji yakimtiririka. Kofia yake haikuonekana tena.

Jioni wifi alitoa muthokoi aliokuwa ameuhifadhi tangu alipokuja nyumbani mara ya mwisho, mahindi yetu yaliyokobolewa, akaupika na maharagwe, akakata zile parachichi za mama kando. Tukala tukiwa tumekaa sakafuni. Aliniambia habari za mume wangu akiwa mdogo ambazo sikuwa nazijua, jinsi alivyowahi kupanda juu ya tangi la shule akakataa kushuka. Nilimwambia habari za picha ile na wauza ndengu wa Zombe. Hakuwa akijua.

*

Nilirudi Kabati kabla shule hazijafunguliwa. Binti yangu aliuliza kama nilitapika baharini. Nikamwambia la, akasikitika kidogo.

Mwaitu alikuwa amekaa nje akichambua mboga. Baada ya salamu zote akauliza, bila kuinua macho, "Na yule? Umemwona anafanya nini huko?"

Nikamsimulia. Nilimwambia habari za mzee mwenye ndevu za hina, kofia, upepo. Nilimwambia jinsi kayaki ilivyoruka, jinsi wifi, binti yake mwenyewe, alivyojilaza upande wa pili ili sisi tusianguke, huku anapiga kasia na kutoa amri kama mwalimu mkuu. Mwaitu aliacha mboga.

"Huyo mzee alikuwa anabebwa?"

"Alikuwa anabebwa, Mwaitu."

"Na akamtoa."

"Akamtoa."

Akasukuma mboga kando. Kisha akasema, "Hebu anza tena. Ulisema upepo ulitoka wapi?" Nikaanza tena. Jioni jirani alipokuja, nilisikia Mwaitu akisimulia mwenyewe, na maji yalikuwa yameongezeka na mzee amekuwa wazee wawili. Jumapili ile simu ilipolia aliinyang'anya mkononi mwangu, akaenda nayo mpaka kwenye boma la mbuzi ili asisikilizwe. Desemba wifi alikuja, akakaa mwezi mzima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aondoke.

Mimi niliendelea kushona. Kama kuna anayengoja kusikia kwamba nilirudi nimepona, sikurudi hivyo. Nilirudi nilivyokwenda, isipokuwa sasa tulikuwa wawili, kila mmoja akijua mwenzake yuko wapi.

Halafu siku moja ya soko, mwanamke ninayenunua kwake nyanya alinifungia nyanya nzuri juu na zilizooza chini. Niligundua nikiwa nimefika mlangoni kwangu. Nilizitazama zile nyanya, na kitu kikapanda kutoka tumboni, cha moto, kikanifika masikioni. Nilirudi sokoni karibu nikikimbia. Nilimpigia kelele yule mama mbele ya watu. Nilimwita majina ambayo sikujua ninayo. Alinijibu, nikamjibu, watu wakasimama kutazama, mwanamume muuza viatu akajaribu kutuamua nikamwambia asiniguse.

Mwishowe yule mama akamwaga mfuko wote kwenye meza yake na kuanza kunichagulia upya, moja moja, akibinya kila nyanya na kunionyesha pande zote.

"Hii?" akauliza, bado amekasirika.

"Hiyo sitaki," nikasema. "Nipe ile."